Ndugu Waliosemezana Kupitia kwa Nyumbu

Sakku wa ukoo wa Ait Wazzu alikuwa mtu mwenye msimamo. Hivyo ndivyo alivyojieleza yeye mwenyewe. Mkewe, Tlaitmas, alikuwa na neno jingine kwa tabia hiyo hiyo, lakini alilisema jikoni tu, akiwa ameinamia chungu, ili moshi ulichukue neno hilo na kutoka nalo darini.

Kijiji chao kimebandikwa ubavuni mwa mlima, ndani kabisa ya milima ya Atlasi, mahali ambapo barabara ya lami imekuwa ikija tangu Sakku hajaota ndevu. Kila ukifika uchaguzi barabara hiyo hukaribia kidogo. Uchaguzi ukipita hurudi ilikotoka. Chini ya nyumba kuna mashamba, kama mtu anaweza kuyaita mashamba bila kucheka. Ni ngazi za udongo zilizoshikiliwa na kuta za mawe, moja juu ya nyingine hadi mtoni, na nyembamba kiasi kwamba mtu akipiga chafya vibaya hujikuta kwa jirani. Mababu walizijenga jiwe kwa jiwe, na wajukuu wakarithi kazi ya kuziokota kila mvua inapozibomoa.

Baba yake Sakku alipofariki aliacha wana wawili, kundi la kondoo, ngazi kadhaa za shayiri na vitunguu, nyumba ya mawe, mke, na nyumbu jike mmoja, mama yake farasi na baba yake punda. Ndugu wakagawana kwa upendo mkubwa, kila mmoja akiichunga mikono ya mwenzake. Sakku, mdogo, akachukua kondoo na ngazi za chini. Ishu, mkubwa, akachukua ngazi za juu, kwa kuwa alisema harufu ya kondoo inamuumiza kichwa. Nyumba wakaigawa kwa pazia. Mama yao, Mama Ijja, alikataa kugawanywa, akakaa katikati, karibu na moto. Nyumbu naye, aliyeitwa Zerwala kwa sababu ya macho yake ya kijivu, hangegawanyika bila kisu, akabaki wa wote wawili.

Kilichosahaulika ni ukuta mmoja tu.

Ukuta huo ulikuwa mpaka. Ulishikilia udongo wa Ishu juu, na mguu wake ulisimama kwenye shamba la Sakku chini. Na katikati ya ukuta, mawe yakiwa yameukumbatia pande zote, uliota mjozi mkubwa, ule mti wa kokwa ngumu ambazo ukizivunja ndani zina umbo la ubongo. Mwaka wa mavuno mazuri kokwa zake zilitosha kuvalisha nyumba nzima. Basi msimu wa kokwa ulipofika, Ishu alieleza kwamba ukuta ni wake, kwa hiyo mti ni wake. Sakku alieleza kwamba ukuta umesimama kwake, kwa hiyo mti ni wake. Na mawe ya ukuta yalipoanza kulegea, ndugu hao hao, kwa ndimi zile zile, walieleza mambo mengine kabisa.

"Jenga ukuta wako," alisema Sakku.

"Wangu? Si ulisema umesimama kwako?" alisema Ishu.

"Unashikilia udongo wa nani? Wangu?"

"Muulize huo udongo."

Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yao ya mwisho kwa muda mrefu. Hawakupigana, kwani walikuwa watu wa heshima. Walinuniana tu, na wakanuniana kwa juhudi ambazo kama wangeziweka kwenye ukuta, ungekuwa umeisha kabla ya adhuhuri.

Taabu ni kwamba walikuwa wakilala chini ya dari moja na kula sinia moja. Ishu alikuwa mgane asiye na mtoto, na chakula chake kilipikwa na Tlaitmas, ambaye hakuwa na ugomvi na mtu yeyote ila na moshi. Mwanzoni walimtumia Mama Ijja awapelekee maneno, lakini bibi kizee huyo alikuwa kiziwi kwa zamu. Alisikia pale alipopenda. "Mama, mwambie huyo bwana asogeze mkate," Sakku angesema. Mama Ijja angejibu, "Ndiyo, mwanangu, mwaka huu baridi itakuwa kali." Wakaona hafai kazi hiyo. Wakamgeukia nyumbu.

Zerwala alifaa sana. Alikuwa na masikio makubwa na hakuwa na upande. Kila asubuhi uani mtu angeweza kuwasikia.

"Zerwala," angesema Ishu akimfunga tandiko, "mwambie mwenye kondoo kwamba leo wewe ni wangu, nakwenda nawe kinuni."

"Zerwala," angesema Sakku akinawa uso, "mwambie mwenye vitunguu kwamba jana pia ulikuwa wake, lakini labda yeye kusoma siku hakufundishwa."

"Mwambie mimi nilifundishwa. Aliyekuwa akitoroka chuoni kwenda kurushia mawe vyura, anajijua."

Majirani walizoea. Hata Mzee Addi, mkuu wa baraza la kijiji, mtu aliyeweza kuongea tangu chai ya kwanza hadi ya mwisho bila kugusa jambo lililowaleta watu, alijaribu kuwapatanisha akashindwa. Aliliambia baraza kwamba suala hilo ni zito na linahitaji muda, kisha akapendekeza kwamba, wakati muda huo ukisubiriwa, kokwa ziletwe kwake zihifadhiwe. Siku hiyo ndugu wawili walikubaliana kwa mara ya kwanza, bila kusemezana: wote wawili waliinuka wakaondoka.

Kisha ikaja mvua ya masika iliyoanguka kama mtu anayemwaga ndoo kwa hasira. Asubuhi ukuta ulikuwa umelala kifudifudi. Udongo mweusi wa Ishu, pamoja na vitunguu vyake vichanga, ulikuwa umehamia kwenye shayiri ya Sakku, na mjozi ulikuwa umebaki ukining'inia, nusu ya mizizi ardhini na nusu hewani.

Ishu alisimama juu akitazama. Sakku alisimama chini akitazama. Zerwala alikuwa kati, akila kitunguu.

"Zerwala," Ishu alisema, "mwambie huyo mtu arudishe udongo wangu."

"Mwambie udongo umekuja wenyewe," Sakku akajibu. "Sikuuita. Mgeni akija mwenyewe hafukuzwi."

Shayiri yake ilikuwa imefunikwa na mawe, na moyoni alitaka kulia. Lakini angelia vipi, na Ishu amesimama pale juu? Akapiga mluzi, akakusanya kondoo, akapanda mlimani mapema kuliko kawaida. Tlaitmas alibaki akiokota mawe peke yake, na neno lake la jikoni siku hiyo alilisema nje, kwa sauti.

Mwisho wa kiangazi, wachungaji wote wa Ait Wazzu hushuka kutoka malisho ya juu. Wana mazizi yao huko ya mawe, yenye vibanda vya kuegemea mwambani, na hakuna anayeyapenda kiasi cha kuyaaga kwa machozi. Mwaka huo upepo ulibadilika mapema. Ishu, aliyekuwa amepanda na Zerwala kupeleka unga na chumvi kwa amri ya Mama Ijja, aliangalia kilele, akaangalia mawingu, akanusa.

"Zerwala," alisema akishusha gunia, "mwambie mwenye kondoo theluji inakuja. Ashuke kesho na wenzake."

Sakku alikuwa ameiona ile theluji kabla hata Ishu hajafika. Kwa kweli alikuwa ameshakunja blanketi lake la sufu. Sasa akalikunjua, taratibu, ili aonekane.

"Zerwala, muulize mwenye vitunguu ameanza lini kusoma mawingu. Alipomaliza kusoma kuta?"

Ishu alimgeuza nyumbu. Akashuka zake. Kesho yake wachungaji wengine wakakusanya makundi yao, wakamuuliza Sakku kama haji, naye akawaambia kwamba majani bado ni mazuri na yeye si mtu wa kukimbizwa na wingu. Waliondoka wakicheka. Sakku akabaki na kondoo wake na msimamo wake.

Theluji ilifika siku iliyofuata, kwa adabu zote, mahali pale pale Ishu alipoionyesha. Kufikia mchana hapakuwa na majani mazuri wala mabaya. Palikuwa na weupe mtupu. Sakku aliwasukuma kondoo zizini, akapanda juu ya kibanda kukwangua theluji isije ikaangusha paa. Hapo jiwe likamchezea mguu. Alisikia mlio kama wa kijiti kikavu kabla hajasikia maumivu, kisha maumivu yakaja, na yakaja na jamaa zake wote.

Alijiburuta hadi ndani ya kibanda kwa viwiko. Moto ulikuwepo, unga ulikuwepo, lakini maji yalikuwa nje, na nje kulikuwa mbali kama Makka. Alilamba theluji. Alilala katikati ya kondoo waliomfuata ndani, kwa ajili ya joto, na kondoo dume mkubwa, ambaye Sakku alimlea kwa mkono, alimkalia kwenye mguu ule ule.

Alfajiri akajifanyia hesabu. Wenzake wangedhani amejikalia kwa kiburi, na wangekuwa na haki. Mkewe angewaambia watu, na watu wangesubiri theluji ipungue. Mama yake hangeweza kupanda. Aliyebaki ni mtu mmoja tu, na mtu huyo hakuwa na sababu hata moja ya kupanda mlima. Sakku alijaribu kuitafuta hiyo sababu moja kwa niaba yake, kwa uaminifu, na hakuipata. Ndipo alipoogopa. Si kufa, alivyojiambia. Kufa ni amri ya Mungu. Aliogopa kwamba Ishu angekuwa sahihi na asiwepo yeye wa kumpinga.

Jua lilipokuwa limepanda vizuri, alisikia kengele ya tandiko.

Mlango ukasukumwa. Zerwala aliingiza kichwa kwanza, nyusi zimejaa theluji. Nyuma yake alisimama Ishu, kofia ya joho lake imeganda kama chungu, akihema kama mtu aliyemkimbia polisi. Alimtazama nduguye chini. Aliutazama mguu. Kisha akamgeukia nyumbu.

"Zerwala," alisema, "muulize kama anaweza kutembea."

Sakku alifumba macho. Midomo yake ilikuwa imepasuka, na angeweza kumkumbatia mtu yule hadi mbavu zilie.

"Zerwala," alinong'ona, "mwambie nimelala hapa kwa starehe."

"Mwambie basi anyamaze, nataka kuufunga huo mguu."

"Mwambie aufunge polepole."

"Mwambie nitaufunga ninavyojua."

Aliufunga kwa vijiti viwili na kamba ya gunia, na mikono yake ilikuwa myepesi kuliko maneno yake. Akawamwagia kondoo majani makavu yote yaliyokuwepo, akaziba mlango wa zizi kwa mawe, akasema, kwa nyumbu, kwamba watu watapanda kuwafuata hewa ikitulia. Kisha akambeba Sakku kama gunia la shayiri akamtupa juu ya tandiko. Sakku akamjulisha Zerwala kwamba hata magunia hushikwa kwa huruma.

Walishuka hivyo sehemu ndefu ya njia, wakipigana vijembe kupitia masikio ya nyumbu, hadi kwenye kona ambapo njia inakuwa nyembamba na bonde linafungua mdomo. Hapo theluji iliyokuwa imejishikiza mwambani ikaporomoka mbele yao kwa kishindo. Zerwala alipandisha miguu ya mbele. Sakku akaangukia upande wa mlima, ashukuriwe Mungu, na si upande mwingine. Nyumbu akageuka mara moja, akapiga teke la kuaga, akatimka kwa njia ya mkato kuelekea nyumbani. Kengele ikalia, ikalia kidogo, ikanyamaza.

Ndugu wawili wakabaki peke yao.

Ishu alisimama mikono kiunoni, akitazama nyumbu alikotokomea. Sakku alikuwa amekaa kwenye theluji, mguu umenyooka mbele yake kama si wa kwake. Upepo ukapita. Ishu akakohoa.

"Zerwala," alianza kwa mazoea, "mwambie..." Hapakuwa na wa kuambiwa.

Sakku alicheka. Alicheka hadi mguu ukamuuma akapiga kelele, akapiga kelele hadi akacheka tena. Ishu alibaki na uso wa kuchacha, kisha midomo yake nayo ikaanza kucheza.

"Sema mwenyewe," Sakku alisema akijifuta machozi. "Nipo hapa. Siendi popote."

"Nilitaka kusema wewe ni mjinga."

"Basi sema."

"Wewe ni mjinga."

"Nimesikia, kaka."

Ishu alipiga magoti akageuza mgongo. "Panda," alisema. Sakku akapanda. Mdogo huyo alikuwa amemzidi mkubwa urefu na uzito tangu ujana, na miguu yake ilikokota chini kama ya mtoto aliyepakizwa punda mdogo.

"Mzito kama deni," Ishu alilalamika.

"Ni wewe mfupi."

"Mke wako anakulisha nini?"

"Kile kile anachokulisha wewe."

Hawakufika mbali. Theluji ilianza tena kuanguka, na Ishu, ambaye hakuwa kijana ijapokuwa hakupenda kuambiwa, alianza kupepesuka. Wakajibanza chini ya mwamba ulioinamia njia, wakawasha mashina makavu ya mreteni, ule mti mfupi wa mlimani, wakagawana mkate aliokuwa nao Ishu kifuani. Ulikuwa umeganda, wakautafuna kama mawe ya ukuta wao. Mkate ulipoisha, Sakku aliuliza.

"Kwa nini ulipanda?"

"Mama alisema nisiporudi na wewe nisirudi."

"Ni Mama tu, basi."

"Na mke wako alisema hapiki."

"Ni tumbo, basi."

Ishu alichochea moto kwa muda mrefu kuliko moto ulivyohitaji. "Nilikuwa nimeshafunga tandiko kabla hawajasema," alisema. "Usiwaambie."

Sakku alitazama miale. Alitaka kusema jambo la maana, na kwa kuwa hakuwa amesema jambo la maana kwa muda mrefu, likatoka jingine.

"Ule ukuta, kwa nini hukuujenga?"

"Ningeujenga ungesema nimekubali kwamba ni wangu."

"Si ni wako!"

"Ukiwa wangu, mti ni wangu."

Wakatazamana.

"Sogea," alisema Ishu. "Umechukua joho lote."

Huko kijijini, Zerwala alikuwa amefika jioni ile ile, tandiko limepinda, ubavu umechubuka, na hana mtu mgongoni. Mtu mwingine angesema nyumbu ametoroka. Mzee Addi alisema ndugu wawili wamekufa. Alilisema kwa huzuni na kwa haraka, na asubuhi, huku vijana wakisubiri theluji itulie wakapande kuitafuta miili, alikuwa ameshasimamia msiba. Alichagua kondoo wa sadaka kutoka zizi la nyumbani la Sakku mwenyewe, na hakukosea: alikuwa ndiye jike bora. Wanawake wakaletwa kupika kuskusi. Imamu akaketi na wasomaji wake. Tlaitmas alikaa kwenye kona ya jiko, macho makavu, akiangalia moto bila kuukoromea hata mara moja, na waliomjua waliogopa hilo kuliko kilio. Mama Ijja alishikilia tasbihi na kumwambia kila aliyempa pole, "Hawajafa. Hawawezi kukubaliana hata hilo."

Ndugu walipofika juu ya kijiji, asubuhi imeshakuwa kubwa. Ishu alikuwa amembeba Sakku, akisimama kupumua kila hatua chache na kumtaja shetani. Waliona moshi mwingi juu ya nyumba yao.

"Nani kafa?" aliuliza Sakku.

"Mama," alisema Ishu, na akaongeza mwendo hadi wote wawili wakawa wanahema.

Uani hapakuwa na mtu. Wote walikuwa wamejazana ndani, na sauti ya Mzee Addi ilikuwa ikitoka dirishani. Walisimama wakasikiliza.

"Walikuwa watu wapole," alisema Addi. "Watu wa maelewano."

Sakku, mgongoni, alitikisika. "Anamsema nani?" alinong'ona.

"Shh."

"Na kwa kuwa Mungu hakuwajalia watoto wa kiume," Addi aliendelea, "na kwa kuwa ule mjozi umekuwa chanzo cha fitina, nimefikiri usiku kucha, wala sikulala, nikaona kokwa zake ziwe chini ya baraza. Yaani, kwa sasa, ziwe zikihifadhiwa kwangu..."

"Mti ni wetu!" walipiga kelele ndugu wote wawili kwa pamoja, wakaingia.

Mtu aliangusha sinia. Imamu alikatisha aya. Mzee Addi alirudi nyuma hadi akakalia mto wa mtu. Tlaitmas alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama, akamtazama mumewe aliyeganda, mchafu, amening'inia mgongoni kwa shemeji yake kama shuka iliyoanikwa. Akaupeleka mkono mdomoni. Kisha akaushusha.

"Umechelewa," alisema. Akageuka haraka akarudi jikoni, na safari hii moshi ndio uliolaumiwa kwa macho yake.

Mama Ijja aliwashika wote wawili nyuso, mmoja baada ya mwingine, kama anayepima matikiti. "Vueni viatu," alisema. "Mkeka huu umefuliwa."

Nyama ilikuwa imeshaiva, na hakuna aliyeona busara kuitupa. Sakku alilazwa pembeni, mganga wa mifupa akamvuta mguu na kumfunga upya, naye akala nyama ya msiba wake mwenyewe. Alipoambiwa ilikotoka, alitafuna taratibu zaidi.

"Mzee Addi," alisema, "kumbe jike langu lile nalo lilihitaji kuhifadhiwa?"

"Ni sadaka, mwanangu. Thawabu zake zimeandikwa kwako."

"Nashukuru. Na ngozi?"

Ngozi ilikuwa imeshapelekwa kwa Addi. Ishu aliinuka bila kuagizwa na nyumbu yeyote, akaenda akairudisha.

Vijana walipanda wakawashusha kondoo. Baadhi walikuwa wamekufa kwa baridi, wengi walikuwa hai, na yule kondoo dume alishuka mbele yao kana kwamba ndiye aliyeongoza uokoaji. Majira ya baridi Sakku aliyapitisha mkekani, na Ishu akaisikia sauti yake kuanzia alfajiri hadi isha, moja kwa moja, bila mpatanishi. Waligombana kuhusu kuni, chumvi, tarehe, na jinsi baba yao alivyokuwa akikohoa. Tlaitmas alikiri kwa jirani kwamba enzi za nyumbu kulikuwa na utulivu.

Theluji ilipoyeyuka walijenga ukuta. Sakku alikaa juu ya gunia na fimbo yake, akichagua mawe kwa kuyanyooshea kidole. Ishu aliyabeba na kuyakataa. Waliuzungusha ukuta kwenye mizizi ya mjozi, wakaurudisha udongo juu kwa vikapu, na mti ukatoa majani kana kwamba hakuna kilichotokea. Mpaka leo haijaamuliwa ni wa nani. Wakati wa kokwa wanatandika mkeka mmoja chini yake, na kila mmoja anaamini moyoni kwamba anamkaribisha mwenzake.

Mguu wa Sakku ulipona, lakini ulipona kwa namna yake, na mwaka huo usingempandisha malishoni. Basi Ishu, mtu wa vitunguu, akatangaza kwamba ataenda yeye. Kuchunga ni kazi gani, alisema. Ni kukaa juu ya jiwe na kutazama pamba inakula. Sakku akasema vizuri, na yeye atabaki na vishamba, maana kulima ni kazi gani. Ni kufungua mfereji na kuketi kivulini. Wiki ya kwanza Sakku alifungua maji ya zamu yake, akaketi kivulini, akasinzia, akawaogesha majirani wote wa chini. Alitukanwa na watu ambao hakujua kwamba wanajua matusi.

Katikati ya kiangazi alimpanda Zerwala, mguu wake mbovu umening'inia, akampelekea kaka yake mkate na siagi. Alimkuta Ishu juu ya mwamba, pua imebabuka kwa jua, joho limechanika, sauti imemkauka kwa kuita. Kondoo walikuwa wametawanyika mlima mzima. Sakku alishuka, akaegemea fimbo, akakinga mkono juu ya macho, na vidole vya mkono mwingine vikaanza kunyanyuka kimoja kimoja.

"Usihesabu," alisema Ishu.

"Kwa nini nisihesabu?"

"Kula mkate kwanza."

Sakku alimtazama, akaitazama pua ile, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akawa na la kusema na asiliseme. Akaketi kando yake juu ya jiwe, akaumega mkate.